Maandamano ya Umma Katika Nchi za Kiarabu, 2010 Hadi 2019: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni nchi zipi hasa, na miaka ipi?

Wimbi la kwanza lilianza Tunisia tarehe 17 Desemba 2010. Ndani ya miezi mitatu lilikuwa limefika Misri, Yemen, Bahrain, Libya na Syria. Wimbi la pili lilianza Desemba 2018 nchini Sudan, likafuatiwa na Algeria, Iraq na Lebanon mwaka 2019. Wimbi la kwanza liliwaondoa watawala wanne: Ben Ali wa Tunisia, Mubarak wa Misri, Gaddafi wa Libya na Ali Abdullah Saleh wa Yemen. La pili liliwaondoa Bouteflika wa Algeria na Omar al-Bashir wa Sudan, na mawaziri wakuu wa Iraq na Lebanon wakajiuzulu.

Hapa tutakaa zaidi Tunisia, Misri na Sudan. Huko ndiko mtu anaweza kufuatilia hatua kwa hatua jinsi mtawala anavyoangushwa na jinsi ushindi unavyoponyoka baadaye.

Ni kweli mchuuzi mmoja ndiye aliyeanzisha yote?

Mohamed Bouazizi, kijana wa miaka 26, alikuwa akiuza matunda na mboga kwa mkokoteni mjini Sidi Bouzid, katika sehemu ya bara la Tunisia iliyosahauliwa na serikali. Asubuhi ya 17 Desemba 2010 maofisa wa manispaa walimnyang'anya bidhaa na mizani. Mzigo alikuwa ameuchukua kwa mkopo, na mchuuzi asiye na mizani hauzi. Alikwenda ofisi ya gavana kudai arudishiwe, hakusikilizwa. Akajimwagia mafuta mbele ya jengo hilo na kujiwasha moto. Alifariki tarehe 4 Januari 2011.

Kuna makosa mawili yanayorudiwa kila mara. La kwanza ni kwamba alikuwa na shahada ya chuo kikuu. Hakuwa nayo, hata sekondari hakuimaliza. La pili ni kofi alilodaiwa kupigwa na ofisa mwanamke: ofisa huyo alikana, na kesi yake ilifutwa Aprili 2011.

Swali lenye uzito zaidi ni kwa nini kifo hiki kilitikisa nchi wakati vingine havikuitikisa. Machi 2010 mchuuzi mwingine alijichoma moto Monastir na mambo yakaisha hapohapo. Mwaka 2008 watu wa bonde la migodi la Gafsa waliandamana kwa miezi sita, lakini polisi waliuzingira mji wa Redeyef, habari hazikutoka, na moto ukazimwa. Sidi Bouzid ilikuwa tofauti kwa sababu mbili. Ndugu za Bouazizi walirekodi maandamano ya siku ileile kwa simu, na picha zikarushwa na Al Jazeera. Kisha mawakili na walimu wa chama cha wafanyakazi, UGTT, wakayachukua madai yale na kuyapeleka mji hadi mji: Menzel Bouzaiane, Thala, Kasserine. Bila matawi ya UGTT, Sidi Bouzid ingekuwa Redeyef ya pili.

Kwa nini wakati ule? Watu walikuwa na shida miaka yote.

Ben Ali alikuwa madarakani tangu 1987, Mubarak tangu 1981, Gaddafi tangu 1969. Wote watatu walikuwa na watoto au wakwe waliokuwa wakitajirika hadharani, na Misri ilikuwa ikiandaliwa kumpokea Gamal Mubarak, mwana wa rais. Vijana waliosoma hawakuwa na kazi. Misri ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu 1981, maana yake polisi wangeweza kukushika bila kukufikisha mahakamani. Juni 2010 kijana Khaled Said alipigwa na polisi hadi kufa mjini Alexandria, na picha ya uso wake uliovunjwa ikasambaa.

Bei ya chakula nayo ilichangia. Agosti 2010 Urusi ilipiga marufuku kuuza ngano nje baada ya ukame na moto, na Misri ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa ngano duniani. Hata hivyo tusiseme mkate ulileta mapinduzi. Waandamanaji wa Cairo walidai mkate, uhuru na haki ya kijamii kwa pumzi moja, na waliponyooshewa bunduki hawakuomba ngano ya bei nafuu. Walitaka utawala uondoke.

Facebook ndiyo iliyowaangusha marais?

Hapana. Facebook ilitangaza tarehe, ikaonyesha picha, ikawaondolea watu woga wa kudhani wako peke yao. Kuandamana kwenyewe kulifanywa na watu waliokuwa wameshazoeana kabla. Vuguvugu la 6 Aprili nchini Misri lilizaliwa 2008 kutokana na mgomo wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Mahalla. Mashabiki wa Al Ahly na Zamalek, wale wa makundi ya Ultras, walikuwa na uzoefu wa miaka wa kupambana na polisi viwanjani.

Mfano wa tarehe 25 Januari 2011 unaeleza vizuri. Waandaaji wa Cairo walitangaza mtandaoni vituo 20 vya kukutania, wakijua polisi watavisoma na kuvijaza. Kituo cha 21 hawakukitangaza. Kilikuwa Bulaq al-Dakrour, mtaa wa watu wa kipato cha chini, karibu na duka la peremende. Watu wachache waliingia vichochoroni, wakaita majirani, na walipotokeza barabara kuu walikuwa mamia, polisi wakiwa wanawasubiri kwingine. Kundi hilo ndilo la kwanza kufika Tahrir, uwanja wa katikati ya Cairo, siku ile.

Serikali ikikata intaneti, maandamano yanakufa?

Mara nyingi inakuwa kinyume. Misri ilizima intaneti usiku wa kuamkia 28 Januari 2011 na kuirudisha 2 Februari. Simu za mkononi nazo zilikatwa tarehe 28. Mama aliyekuwa nyumbani akifuatilia kwenye televisheni hakuweza tena kumpigia mwanawe, hivyo alitoka kumtafuta. Waliotoka kutazama tu wakajikuta ndani ya umati. Siku hiyohiyo ndiyo polisi walipozidiwa.

Sudan ilikuwa na mtihani mrefu zaidi. Baada ya waandamanaji kuuawa kambini Khartoum tarehe 3 Juni 2019 intaneti ilifungwa kwa zaidi ya wiki tano. Kamati za mitaa zilirudi kwenye njia za zamani: ujumbe mfupi wa simu, vipeperushi, maandishi ukutani, vipaza sauti na mikutano ya uani. Kwa njia hizo ziliandaa maandamano ya 30 Juni yaliyotoa umati mkubwa ajabu katika miji mingi kwa siku moja. Palipokuwa na kamati mtaani, giza la mtandao halikutosha. Palipokuwa na kurasa za mtandaoni tu, lilitosha.

Walikabilianaje na mabomu ya machozi?

Watunisia waliwapa Wamisri ushauri: kitambaa kilicholoweshwa siki, kitunguu kilichokatwa, soda ya kola ya kunawia macho. Vilitia moyo, lakini siki na kola haviondoi kemikali. Kinachosaidia ni kuondoka upande ambao upepo unapeleka moshi, kunawa macho kwa maji mengi safi, kutoyafikicha, na kubadili nguo mapema. Mwenye pumu asikae mstari wa mbele kabisa.

Hatari kubwa ya mabomu ya machozi Iraq haikuwa moshi, ilikuwa kopo lenyewe. Kopo la kawaida la polisi lina uzito wa gramu 25 hadi 50. Yaliyotumiwa Baghdad kuanzia Oktoba 2019 yalikuwa ya kijeshi, mengine ya gramu 220 hadi 250, na yalifyatuliwa sawa na usawa wa kichwa badala ya kurushwa juu. Yalitoboa mafuvu. Ndiyo maana kofia ngumu za mafundi ujenzi zilikuwa na thamani kubwa kuliko barakoa katika uwanja wa Baghdad, nao ukiitwa Tahrir.

Kambi ya waandamanaji ya Khartoum iliendeshwaje?

Hili linastahili jibu refu, maana ni kazi ya mpangilio ambayo haijathaminiwa vya kutosha.

Maandamano ya Sudan yalipamba moto Atbara, mji wa reli, tarehe 19 Desemba 2018, baada ya bei ya mkate kupanda kutoka pauni 1 hadi 3. Jumuiya ya Wanataaluma wa Sudan, iliyokusanya madaktari, walimu, wahandisi, mawakili na waandishi wa habari, ilikuwa ikijiandaa kuandamana kudai nyongeza ya mshahara wa kima cha chini. Ilibadili dai: Bashir aondoke. Tangu hapo ilitoa ratiba ya kila wiki, siku gani mtaa gani. Muda ulikuwa saa saba mchana, na ishara ilikuwa vigelegele vya wanawake. Kigelegele cha kwanza kikilia uchochoroni, milango inafunguka.

Kwa miezi mitatu na zaidi walifanya maandamano madogo yaliyotawanyika ili kuwachosha wanausalama. Kisha wakaita watu wote mahali pamoja: makao makuu ya jeshi, tarehe 6 Aprili 2019. Tarehe haikuchaguliwa kwa bahati, maana 6 Aprili 1985 ndipo Nimeiri, mtawala wa Sudan wakati huo, alipoangushwa. Umati ulifika, ukakataa kuondoka. Usiku uliofuata wanausalama walipokuja kufyatua risasi, askari wa vyeo vya chini walitoka getini kuwakinga raia. Tarehe 11 Aprili Bashir aliondolewa baada ya miaka 30 madarakani.

Ndani ya kambi kulikuwa na mgawanyo wa kazi. Kwenye kila njia ya kuingilia palijengwa vizuizi vya mawe na matofali, na vijana wakapekua kila anayeingia, wanawake wakipekuliwa na wanawake. Waliimba wakipekua: inua mikono juu, upekuzi ni kwa adabu. Madaktari walifungua zahanati za hema. Michango ilikaa kwenye masanduku ya wazi yenye maneno ya kuwaambia watu kwamba mwenye nacho atie, asiye nacho achukue. Tarehe 23 Aprili treni iliingia kutoka Atbara imejaa watu hadi juu ya paa. Ramadhani ilipoanza, maelfu walifuturu hapo barabarani.

Basi kwa nini kambi hiyo ilivunjwa?

Kwa sababu ililindwa na jeshi ambalo halikuwa lake. Alfajiri ya 3 Juni, mwishoni mwa Ramadhani, vikosi vya usalama, wengi wao wakiwa wa RSF, kikosi cha wanamgambo cha Mohamed Hamdan Dagalo (Hemedti), viliingia kwa risasi na viboko. Waliokimbilia milango ya makao makuu waliikuta imefungwa. Kamati ya madaktari ilihesabu zaidi ya watu 100 waliouawa, na miili mingine iliopolewa kutoka Mto Nile. Wanawake walibakwa.

Kisingizio kilikuwa eneo lililoitwa Colombia, kando ya mto, lililosemwa kuwa na dawa za kulevya. Funzo la vitendo ni kwamba ukingo wa kambi usiosimamiwa na kamati huwa mlango wa adui. Lakini lawama yote ni ya waliofyatua risasi, na hadi leo hawajahukumiwa.

Nini hasa huamua kama mtawala ataanguka?

Kwa maoni yetu ni mambo mawili: vyombo vya silaha viko upande gani, na uchumi umesimama au la.

Jeshi la Tunisia lilikuwa dogo, lisilozidi watu 40,000 hivi, na Ben Ali alikuwa amelinyima fedha akiwapendelea polisi. Halikuwa na sababu ya kufa naye. Hadithi kwamba mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Rachid Ammar, alikataa amri ya kufyatua risasi imeenea sana, ila haina ushahidi wa kutosha. Kilicho wazi ni kwamba jeshi halikuuokoa utawala. UGTT nayo iliruhusu migomo ya mikoa: Sfax ilisimama tarehe 12 Januari, Tunis tarehe 14. Jioni ya tarehe 14 Ben Ali alipanda ndege kwenda Saudi Arabia.

Misri jeshi lilikuwa na viwanda, ardhi na biashara zake, na halikumtaka Gamal. Lilingoja. Wiki ya mwisho wafanyakazi wa usafiri, wa viwanda vya Mahalla na wa kampuni za Mfereji wa Suez waligoma. Tarehe 11 Februari 2011, siku ya 18, Mubarak aliondoka na majenerali wakakaa kwenye kiti.

Syria hesabu ilikuwa nyingine. Maofisa wengi wa vikosi muhimu walitoka katika jamii ya Waalawi, ile ya Rais Assad mwenyewe, na waliambiwa kwamba akianguka wataanguka naye. Bahrain askari wengi waliajiriwa kutoka nje, wasio na ndugu kwenye umati.

Kwa nini Libya, Syria na Yemen ziligeuka vita?

Libya haikuwa na jeshi la taifa lenye sauti moja. Gaddafi alilidhoofisha makusudi na kutegemea vikosi vya wanawe. Benghazi ilipoasi Februari 2011 baada ya kukamatwa kwa wakili wa familia za wafungwa waliouawa katika gereza la Abu Salim mwaka 1996, nusu ya nchi ilitoka mikononi mwake. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama lilileta ndege za NATO, Gaddafi akauawa Sirte tarehe 20 Oktoba 2011, na makundi yenye silaha hayakuziweka chini.

Syria ilianza Daraa, Machi 2011, wavulana wa shule walipokamatwa na kuteswa kwa kuandika ukutani kwamba zamu ya daktari, yaani Assad, imefika. Waandamanaji walipigwa risasi kwa miezi kabla wanajeshi waasi hawajaunda jeshi lao Julai mwaka huo. Iran, kundi la Hezbollah la Lebanon na baadaye Urusi (kuanzia Septemba 2015) walimwokoa mtawala. Umoja wa Mataifa ulikadiria zaidi ya raia 306,000 waliuawa katika miaka kumi ya kwanza. Assad alikimbilia Moscow tarehe 8 Desemba 2024.

Yemen, Saleh alikubali kuondoka kwa kupewa kinga ya kutoshtakiwa. Alibaki nchini na wafuasi wake jeshini, akaungana na waasi wa Kihouthi, vita vikapanuka, na Wahouthi haohao wakamuua Desemba 2017.

Wafalme walinusurikaje?

Kwa fedha, katiba mpya, au nguvu. Saudi Arabia ilitangaza matumizi ya kiasi cha dola bilioni 130. Morocco ilipiga kura ya katiba tarehe 1 Julai 2011. Bahrain iliomba msaada: tarehe 14 Machi 2011 askari wa Saudia na polisi wa Falme za Kiarabu walivuka kuingia, na siku nne baadaye mnara wa Mzunguko wa Lulu, walipokuwa wakikutana waandamanaji, ulibomolewa kabisa.

Oman, ambako wasomaji wetu wengi wana ndugu, watu walikaa kwenye mzunguko wa barabara mjini Sohar tangu mwisho wa Februari 2011 wakidai kazi na mawaziri wala rushwa waondolewe. Watu waliuawa. Sultani Qaboos alibadilisha mawaziri, akaahidi ajira 50,000 na posho ya riali 150 kwa mwezi kwa wasio na kazi, na baraza la kuchaguliwa, Majlis al-Shura, likapewa mamlaka zaidi ya kutunga sheria. Kisha wanaharakati wakaanza kukamatwa na kufungwa.

Mtawala akishaondoka, nini huharibika?

Hapa ndipo mapinduzi mengi yamepotelea. Tahrir ilijaa watu wasio na kiongozi. Hilo liliwanyima polisi mtu wa kumkamata, lakini siku ya kujadiliana hapakuwa na wa kumtuma mezani. Misri ilikuwa na taasisi mbili tu zilizojipanga nchi nzima: jeshi na Udugu wa Kiislamu. Kura ya maoni ya kurekebisha katiba iliitwa haraka, 19 Machi 2011, kabla vyama vipya havijapata hata ofisi. Mohamed Morsi wa Udugu alishinda urais Juni 2012 kwa asilimia 51.7, akajipa mamlaka juu ya mahakama kwa amri ya Novemba, na waliberali waliokuwa naye Tahrir wakashangilia jeshi lilipompindua 3 Julai 2013. Tarehe 14 Agosti wanausalama waliwaua watu wasiopungua 817 katika uwanja wa Rabaa kwa hesabu ya Human Rights Watch. Baadhi ya waliomshangilia Jenerali Sisi, aliyeongoza mapinduzi hayo, nao walifungwa baadaye.

Sudan walijaribu kutorudia kosa hilo. Waliendelea mitaani hata baada ya Bashir kuondoka, wakapata makubaliano ya 17 Agosti 2019: baraza la watu 11, kipindi cha miezi 39, wanajeshi wakiongoza miezi 21 ya mwanzo. Kosa lilikuwa hapo. RSF ilibaki na fedha zake na askari wake, na makampuni ya jeshi hayakuwekwa chini ya wizara ya fedha. Muda wa kukabidhi uenyekiti kwa raia ulipokaribia, tarehe 25 Oktoba 2021, mkuu wa jeshi Burhan na Hemedti walipindua serikali ya Waziri Mkuu Abdalla Hamdok. Tarehe 15 Aprili 2023 wawili hao wakageuziana bunduki, na wanafunzi wa Kitanzania na Kikenya waliokuwa Khartoum ikabidi waondolewe kwa haraka.

Tunisia si ilifanikiwa?

Kwa miaka kumi, ndiyo. Iliandika katiba ya Januari 2014, na wanasiasa wawili wa mrengo wa kushoto walipouawa 2013, UGTT, waajiri, mawakili na chama cha haki za binadamu waliwalazimisha wanasiasa kuelewana, wakapata Tuzo ya Nobel ya Amani 2015. Ila kazi hazikupatikana, na mikoa ya bara ilibaki masikini. Tarehe 25 Julai 2021 Rais Kais Saied alilisimamisha bunge, na wapo walioshangilia. Mwaka mmoja baadaye alipitisha katiba yake mwenyewe kwa kura iliyohudhuriwa na takriban asilimia 30 ya wapiga kura. Wapinzani wake wengi sasa wako gerezani.

Afrika Mashariki iliguswa?

Aprili 2011 upinzani nchini Uganda ulianzisha kampeni ya kutembea kwenda kazini kupinga bei ya mafuta na chakula. Kizza Besigye alikamatwa mara kadhaa na kupuliziwa pilipili usoni. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zimezungumzia Tahrir tangu wakati huo, lakini tuseme kweli: hasira zetu zina chanzo chake hapahapa.

Kamati za mitaa za Sudan ziko wapi sasa?

Nyingi zimegeuka vyumba vya dharura. Vijana walewale waliokuwa wakipanga njia za maandamano wanaendesha majiko ya jumuiya yanayopika maharage na uji kwa waliozingirwa, wanatafuta dawa, wanaokoa majeruhi. Pande zote mbili za vita zimewakamata na kuwaua baadhi yao.

Nitajuaje kama video ya maandamano ni ya kweli?

Wasyria walibuni njia nzuri: mrekodi alitamka mji na tarehe mwanzoni, au akaonyesha karatasi iliyoandikwa hayo, kisha akageuza kamera kwenye mnara wa msikiti au jengo linalojulikana. Usipoyapata hayo, tafuta namba za magari, maandishi ya maduka, lahaja ya wanaopiga kelele, hali ya hewa na vivuli. Linganisha na picha za setilaiti. Sudan na Misri zote zina picha za 2011, 2013 na 2019 zinazorushwa upya kila fujo zikitokea, kwa hiyo tafuta kwanza kama picha iliwahi kuonekana. Ukiirusha, ficha nyuso: Bahrain na Misri polisi walitumia picha za mtandaoni kuwatafuta watu majumbani.